Kabla ya kikao cha Alhamisi: kuahirisha kutua

Habari za jioni wanakikundi. Alhamisi tutazungumzia ukinzani wa hewa, na naomba kila mmoja afikirie kwanza hali moja tu: umeamua kuahirisha kutua, yaani kuacha kutua na kupaa tena.

Wote tunajua ukinzani huongezeka ndege ikienda kasi. Upande wa pili ndio unaoua. Mwendo ukipungua mno na pua ikiwa juu, ukinzani unaotokana na unyanyuaji hupanda tena, na injini ndogo haina nguvu ya akiba. Ongezeni hapo flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoongeza unyanyuaji na ukinzani) zilizoshushwa hadi mwisho. Rubani anasukuma nguvu mpaka mwisho, ndege haipandi, miti inasogea, naye anavuta usukani. Bawa linaacha kunyanyua.

Mwongozo wa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, unasema: nguvu zote, flapu zirudi nyuzi 20 mara moja. Si zote kwa mpigo, maana ndege itazama.

Lakini tuseme ukweli, mara nyingi kosa lilishafanyika mapema: rubani alikuja juu mno, kasi imezidi, akang'ang'ania kwa kuwa abiria wanamtazama. Kona kali nazo huleta hatari hiyohiyo ya bawa kuacha kunyanyua. Ukilaza ndege nyuzi 60 bila kupoteza kimo, kasi ambayo bawa huacha kunyanyua hupanda kwa takriban asilimia 41.



Njooni na mwongozo wa ndege mnayoirusha, ukurasa wa kuahirisha kutua uwe umewekwa alama.