Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Wavuvi wa Mombasa Kuhusu Mafuta na Gesi ya Baharini

Wanangu viongozi wa vikundi vya usimamizi wa fukwe, kuanzia Mtongwe hadi Bamburi,

Assalaam aleikum. Nawaandikia kwa sababu shughuli ya kutafuta mafuta na gesi katika bahari yetu imelala tu, haijafa, na siku itakapoamka mtaitwa ukumbini kutoa maoni. Ningependa mwende mkijua kilichoilaza.

Kisima cha Pomboo cha mwaka 2007 hakikutoa kitu. Mbawa kilionyesha gesi mwaka 2012, na Sunbird kikaonyesha mafuta mwaka 2014, lakini si kwa kiasi cha kurudisha gharama. Visima vya Kubwa na Kiboko vilikatisha tamaa, na Mlima, kilichoanza kuchimbwa mwishoni mwa 2021, nacho hakikufaulu. Kisima kimoja cha maji marefu hula makumi ya mamilioni ya dola. Bei ya pipa iliyokuwa juu ya dola 100 katikati ya 2014 ilianguka chini ya dola 30 mapema 2016, wakati ambapo Tanzania na Msumbiji tayari walikuwa wamegundua gesi nyingi, hivyo mwenye fedha akaenda penye uhakika. Juu ya hayo, mwezi Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilichora mpaka wa bahari ulioipendelea zaidi Somalia, Kenya ikaukataa, na sidhani kama yuko wa kukopesha fedha za kuchimba kisima ambacho mwenyewe hajulikani.

Bei na mpaka ni mambo ya wakubwa. Lililo mikononi mwenu ni ugomvi wa meli ya utafiti na mvuvi, ambao pia huwafukuza wawekezaji. Meli hiyo hukokota nyaya za kilomita kadhaa huku ikifyatua hewa majini kila baada ya sekunde chache, na hakuna chombo wala dema linaloruhusiwa kuwa njiani. Hupenda bahari tulivu, yaani kaskazi, na kaskazi ndiyo mnayoitegemea ninyi kwenda mbali, kwa kuwa kusi ikishika mashua ndogo haziwezi kuvuka mwamba. Mtagongana tu, msipokubaliana mapema.

Watazameni wenzenu wa Lamu. Kesi yao kuhusu bandari mpya ilifunguliwa mwaka 2012, na ni mwaka 2018 ndipo Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Fedha zenyewe zikazidi kusubiriwa baada ya hapo. Miaka yote hiyo haina faida kwa mvuvi wala kwa mwenye mradi.

Kwa hiyo kila bandari ndogo iwe na daftari: chombo gani kimetoka, kimevua wapi, samaki gani, kilo ngapi, mwezi gani. Bila daftari, fidia hugeuka mabishano ya mdomo. Likiwapo, kampuni nayo hujua gharama yake kabla ya kuleta meli, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuja. Ratiba ya utafiti na malipo ya siku mtakazozuiwa yaandikwe na kutiwa sahihi kabla nyaya hazijashushwa, na malipo yaingie katika akaunti ya kila mvuvi, si mfukoni mwa mjumbe. Fulana na nauli ya mkutano zisiwatie haraka ya kusaini msichokisoma.

Sheria ya Petroli ya 2019 inaitengea kaunti asilimia 20 ya mgao wa serikali katika mapato ya mafuta, na jamii ya wenyeji asilimia 5. Ulizeni, na mjibiwe kwa maandishi, jamii ya kisima kilicho katikati ya bahari ni ipi. Msianze kwa kudai ajira, kwa sababu wakati wa utafutaji ni chache na za mafundi. Daini vijana wafunzwe ubaharia na uchomeleaji, na mpango wa kuzuia mafuta yakimwagika uonyeshwe hadharani.

Daftari lianze kabla kaskazi haijaingia.

Wasalaam,
Mzee wenu, Mombasa