Majeruhi wa Keya wako orodha gani?

Ndugu Mhariri,

Kila ikikaribia Julai 25 magazeti yetu hujaa habari za Siku ya Mashujaa: gwaride, mkuki na ngao mnarani, kisha picha ya wazee wenye nishani kifuani. Sina ugomvi na hayo. Naomba nafasi niwasemee askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, ambao hawakufa katika Vita Kuu ya Pili, ila hawakurudi wazima.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alikuwa batalioni ya 36, ya watu wa Tanganyika, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru. Mwaka 1944 divisheni hiyo ilitumwa kuwaandama Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Imphal, India, kwa kufuata bonde la Kabaw hadi Kalewa, penye mto Chindwin. Ilikuwa majira ya mvua kubwa za Burma, Myanmar ya leo. Njia ziligeuka tope, vyakula na risasi vikawa vinadondoshwa na ndege, na malaria iliwalaza watu kama ilivyowalaza risasi. Kalewa ilitwaliwa mwanzoni mwa Desemba. Babu hakuiona. Bomu la Mjapani lilikuwa limeshamvunja paja, na kwa kuwa gari lilikuwa halipiti, wenzake walimbeba kwa machela, wakipokezana, mpaka walipopata njia ya kumfikisha hospitali India.

Alirudi na mguu mmoja mfupi. Kwa mkulima hiyo si habari ndogo, maana jembe linataka miguu miwili ya kusimamia. Akajifunza kushona viatu, kazi ya kukaa, na ndiyo iliyomlea mama yangu na ndugu zake. Usiku wa baridi alilala akiwa amekaa. Sisi wajukuu tulimpenda kwa amri zake za Kiswahili cha Keya, "abautani" na "kwiki machi", tukadhani ni mchezo. Alifariki miaka ya sabini, na vipande vya chuma vikiwa bado pajani.

Sasa, Mhariri, mtu huyu anakumbukwa wapi? Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina tarehe zake. Kwa Vita Kuu ya Pili inawahesabu waliofariki kuanzia Septemba 3, 1939 hadi Desemba 31, 1947. Aliyeuawa na jeraha lake Januari 1948 hayumo, sembuse aliyeishi nalo miaka thelathini. Aprili 2021, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba Waafrika na Waasia wengi waliokufa, hasa katika Vita Kuu ya Kwanza, hawakupewa kaburi wala jina sawa na Wazungu, Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni kwao. Ilistahili. Lakini radhi ile nayo ilikuwa ya marehemu wa vitani. Majeruhi hawakutajwa, kwa kuwa hawakuwa kazi ya tume hiyo.

Hata fedha ilipimwa kwa rangi. Mwaka 2019 iliripotiwa, kutokana na hati za zamani za Uingereza, kwamba katika kiinua mgongo cha mwisho wa vita askari wa chini Mzungu kwenye makoloni ya Afrika alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, na Mwafrika wa cheo kilekile shilingi tatu na nusu. Risasi za Burma hazikuwa na bei mbili.

Najua jibu litakalokuja: hao walimpigania mkoloni, kwa nini taifa huru liwashughulikie? Wengine walijiandikisha kwa hiari, wakifuata mshahara. Wengine walitajwa na machifu wao wakachukuliwa. Siwaombei cheo cha ushujaa, na sidhani babu angekitaka. Naomba wahesabiwe. Jeshi walilolitumikia ndilo tulilorithi mwaka 1961, tukalipa jina la Tanganyika Rifles hadi lilipovunjwa baada ya maasi ya askari ya 1964, kwa hiyo habari zao ni sehemu ya habari za nchi hii, tupende tusipende. Pale kwenye mzunguko wa Askari, Dar es Salaam, sanamu ya mwaka 1927, iliyowekwa kwa ajili ya vita vya kwanza, inamwonyesha askari mzima, kainama mbele na bunduki yenye singe. Mchongaji hakukosea. Ila ukipita pale kila siku unaweza kusahau kwamba kuna waliotoka vitani kwa magongo.

Ushahidi tunao majumbani. Hati ya kuachishwa jeshi, nishani, barua iliyoandikwa na karani wa kikosi, picha ya studio: vitu hivyo vimo kwenye masanduku ya bati, na mchwa hawasubiri. Hati ya babu imepona kwa bahati tu, bibi aliichanganya na kadi za kliniki za watoto. Ningependa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa itangaze kwamba itapokea nakala, na itaje mahali pa kuzipeleka mikoani, maana mtu wa Songea au Tabora hatapanda basi kwenda mbali kwa ajili ya karatasi moja. Anayekuwa na nakala aandike nyuma yake jeraha lilikuwa wapi mwilini na mzee alifanya kazi gani baada ya vita, kwa kuwa hayo hayamo kwenye hati.

Nanyi gazetini mngeweza kutoa ukurasa mmoja wa majina hayo kabla ya Julai ijayo. Hati ya babu naileta mimi mwenyewe mkinijulisha ofisi ipi.

Mjukuu wa Keya,
Songea