Nguruwe pori wanatumalizia mpunga delta ya Rufiji

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze maisha ya Mbwera, kijiji cha wakulima Waislamu katika delta ya Rufiji, Wilaya ya Kibiti, ambacho wengi wanaopita barabara ya Kilwa hawajapata hata kulisikia jina lake, kwa kuwa kiko ndani ya delta, mbali na barabara hiyo. Mpunga ndio uhai wetu. Unapotoa masuke, familia huhamia shambani na kulala katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kuwafukuza nguruwe pori, ambao nyama yao kwetu ni haramu, hivyo hata anayefanikiwa kumuua mmoja hapati kitoweo cha kufidia hasara yake. Watoto nao hukesha, na asubuhi hukosekana darasani na chuoni kwenye Kurani. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizungumzwa nchi nzima, na ilistahili, lakini nguruwe hurudi kila mwaka. Tunaiomba halmashauri itupatie askari wa wanyamapori tangu masuke yanapotoka, si baada ya shamba kuliwa.

Mkulima wa mpunga,
Kibiti, Pwani