Karavani ya baba inalowa ndani, na yaya anataka wageni waingie

Mama Mshauri, jambo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi hapa Lubumbashi, komuni ya Kampemba. Nakuandikia juu ya karavani, nyumba ya magurudumu, iliyo nyuma ya nyumba yetu. Imeanza kutugombanisha mimi na yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, na sisi hatujazoea kugombana.

Ilikuwa ya kampuni moja ya kutengeneza barabara. Marehemu baba alikuwa mlinzi kwenye kambi yao. Kazi ilipokwisha, alikuwa anawadai mishahara ya miezi mitano; wakamwambia achukue karavani, deni liishe. Ina mita saba, alumini nje, fremu ya mbao ndani. Baba alilala humo mpaka alipotuacha.

Mwaka jana tukakubaliana tuifanye chumba cha wageni. Watu wanaleta wagonjwa mjini kutoka Likasi, kama kilomita 120, wengine kutoka Kolwezi, mbali zaidi. Mgonjwa anapata kitanda, anayemuuguza analala kwenye baraza la hospitali. Nililala hivyo siku za mwisho za baba, najua baridi ya simenti usiku. Nikataka wapate kitanda kisafi, ndoo ya maji ya moto na bukari (ugali) jioni, kwa bei wanayoiweza. Yaya alitoa dola 600, mimi 800 za likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu.

Tulianza na vinavyoonekana, na hapo ndipo tulipokosea. Godoro, mapazia, lino (zulia la plastiki) ya chini, rangi nyeupe. Ilikuwa mwezi wa nane, kila kitu kikavu, na hakuna aliyepanda kuangalia paa.

Mvua zilipokolea, ukuta wa kitandani ukaota madoa meusi. Nikafuta kwa javeli, dawa ya kung'arisha nguo, yakarudi. Mwezi wa kwanza akaja mama mzee kutoka Likasi, mjukuu wake anapasuliwa. Asubuhi nilimkuta anaanika blanketi kwenye kamba, taratibu, kama mtu asiyetaka kuonekana. Upande mmoja ulikuwa unadondoka maji. Nilipomuuliza akasema, "Haidhuru, binti yangu, ni jasho tu." Kumbe usiku kucha alijibana ukingoni mwa kitanda ili asiguse ukuta. Nilimrudishia nusu ya pesa zake, lakini aibu ile bado ninayo.

Siku hiyohiyo nikabandua tripleksi, ubao mwembamba wa ukuta, chini ya dirisha. Nilichoma ubao wa fremu kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Sponji ya ukutani niliiminya, maji yakanitiririkia mpaka kwenye kiwiko. Fundi mmoja aliyezoea karavani za migodini alipanda juu akanionyesha: mastiki ya zamani, ile gundi ya kuziba nyufa, kwenye viungo vya paa imekauka na kupasuka, maji yanapita hapo, yanashuka ndani ya ukuta bila mtu kuyaona, yanatulia kwenye kona za chini. Ndiyo maana dirisha nililolibana kwa silikoni halikusaidia kitu.

Ushauri wake ni kufunua kuta zilizolowa, kutoa mbao zilizooza, kuacha kila kitu kikauke wiki kadhaa, kuweka mastiki mpya, halafu kusimamisha paa la pili la mabati juu ya nguzo zake lenyewe, liache nafasi ya hewa juu ya karavani. Litazuia mvua, na pia jua la mwezi wa kumi, ambalo linaigeuza alumini kuwa sufuria. Shasi iinuliwe juu ya matofali, isiendelee kulalia matairi yaliyokwisha, na chini pawe wazi ili nione mchwa wakianza kupanda. Anasema hiyo ni kazi ya kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, si kabla. Ninamwamini.

Yaya anasema fundi anatafuta pesa. Anataka tripleksi mpya juu ya ile ya zamani, rangi, basi. Tayari amepokea malipo ya kwanza ya familia moja ya Kolwezi watakaokuja mwezi wa tano, na pesa hizo zimekwenda kwenye minervali (karo ya shule) ya watoto wake. Simlaumu kwa hilo.

Ila kuna jambo linalonitisha kuliko maji. Mwezi wa pili umeme ulikatika siku mbili. Kijana aliyekuwa anamuuguza mama yake aliingiza mbabula, jiko la makaa, ndani ili akaushe nguo. Alifunga madirisha, na matundu ya hewa ya chini aliyaziba kwa vitambaa kwa sababu ya mbu. Nilipogonga saa tatu usiku nimpe chakula, aliitikia kama mlevi. Tulimvuta nje mimi na mtoto wangu mkubwa, akatapika, kichwa kikamuuma mpaka kesho yake. Makaa yalikuwa mekundu, mazuri, hayatoi moshi hata kidogo, na hewa yake ilikuwa inamuua. Sasa yaya anataka tripleksi yake ifunike matundu hayohayo, kwa kuwa mwezi wa sita na wa saba usiku wetu ni wa baridi. Hapo siwezi kukubali, hata kama yeye ni mkubwa wangu.

Nimebaki na dola 350. Je, nizitumie kuirudishia familia ya Kolwezi pesa zao na kufunga chumba mpaka mwezi wa nane, au nisimamishe paa la pili kwanza na kuta zingoje? Kama kuna msomaji aliyewahi kufufua karavani au nyumba ya mbao iliyolowa, naomba aniambie alianza wapi.

Na nimwambieje yaya? Tangu baba aondoke, yeye ndiye amekaa mahali pake. Baba mdogo yuko Likasi, neno lake yaya analisikia, lakini nikimpigia simu itaonekana nimemshitaki kaka yangu. Mbao sita za tripleksi zimeshaegemezwa kwenye mlango wa karavani. Nazipita kila asubuhi nikienda kuteka maji.

Mama wa watatu, Kampemba