Swali langu la Septemba

Mpendwa Rashidi,

Salamu nyingi. Barua yako niliisoma nikakasirika, kisha nikacheka, maana ni wewe kabisa: mafuta yapo Aktiki, kule kwenye barafu kaskazini kabisa mwa dunia, watu wanayahitaji, yachimbwe tu, ila masharti yawe makali. Hapo kwenye masharti ndipo tunapoachana.

Kwamba yapo sikatai. Mwaka 2008 wanajiolojia wa serikali ya Marekani walikadiria mapipa bilioni 90 Aktiki ambayo bado hayajagunduliwa, mengi yakiwa chini ya bahari. Ninalouliza ni hili: kisima kikifumuka huko, mafuta yakatoka bila kizuizi, nani atakifikia, na lini?

Kumbuka kisima kilichofumuka Ghuba ya Meksiko mwaka 2010. Maji ya vuguvugu, bandari karibu, meli na mafundi tele, na bado mafuta yalibubujika siku 87. Dawa ya uhakika ya kisima cha namna ile ni kuchimba kingine pembeni, kikikute cha kwanza huko chini, ndipo kizibwe kwa saruji. Ni kazi ya wiki nyingi, pengine miezi. Sasa ipeleke Bahari ya Chukchi, kaskazini mwa Alaska, ambako msimu wa kuchimba ni miezi michache ya kiangazi. Kisima kifumuke mwishoni mwa Septemba. Barafu inarudi, giza linatanda, meli hazina budi kuondoka. Mafuta yanaweza kutoka mpaka kiangazi kingine, yakiwa chini ya barafu ambayo nayo haitulii mahali pamoja. Sharti gani la kwenye karatasi litaizuia barafu?

Unasema kampuni kubwa zinajiweza. Haya. Shell ililipa zaidi ya dola bilioni 2 kwa vitalu vya Chukchi. Disemba 2012 mtambo wake wa kuchimba, Kulluk, ulikuwa ukikokotwa kurudi kusini, wala hauchimbi chochote. Dhoruba ikaukamata, kamba ikakatika, wafanyakazi 18 wakaokolewa kwa helikopta, na mkesha wa mwaka mpya mtambo ukapanda mwamba karibu na kisiwa cha Sitkalidak, Alaska. Mwaka 2015 walichimba kisima kimoja, hawakuridhika na walichokikuta, wakafunga virago. Dola kama bilioni 7 zilikuwa zimeshakwenda.

Halafu kuna Exxon Valdez, meli ya mafuta iliyopasuka Alaska mwaka 1989, ikamwaga lita milioni 40 hivi. Zaidi ya miaka 20 baadaye ungefukua baadhi ya fukwe za Prince William Sound ukakuta mafuta bado mabichi. Kundi moja dogo la nyangumi wauaji lilipoteza karibu nusu ya wenzao, na tangu hapo halijapata mtoto hata mmoja. Na kule ni kusini ya Aktiki, bandari haigandi!

Najua utakaloniambia: hata wewe unatumia mafuta. Kweli, natumia. Lakini Johan Castberg, ule mradi wa Norway katika Bahari ya Barents, mafuta yake yaligunduliwa 2011 na yakaanza kutoka 2025. (Norway hiyohiyo ya magari ya umeme, ndiyo.) Kwa mwendo huo, yatakayogunduliwa leo yatatoka karibu na 2040, wakati ambao sote tumeambiwa tuwe tumeshapunguza kuyachoma. Na kinachoifungua njia ya meli huko ni barafu inayoyeyuka kwa sababu ya mafuta tuliyokwisha kuchoma.

Usidhani kukataa ni ndoto za watu wasio na shida. Greenland, yenye watu wachache na hamu kubwa ya kujitegemea, ilisimamisha leseni mpya za kutafuta mafuta mwaka 2021. Antaktika uchimbaji ulipigwa marufuku kwa mkataba uliotiwa saini Madrid mwaka 1991, na mataifa yaliyosaini yana uchu wa mafuta kama mengine yote.

Basi nijibu lile la Septemba kwanza. Haya mengine tutabishana tukionana, na safari hii usinikatize. Mama nisalimie sana.

Wako,
Idi