Barua ya wazi kwa Msajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika

YAH: DAKTARI MGONJWA WA URAIBU ANAYEOGOPA KUJITAJA

Ndugu Msajili,

Mimi ni muuguzi mstaafu wa hapa Mwanza. Kwa miaka 16 nilishika funguo za kabati la DDA, yaani dawa kali za kulevya zinazodhibitiwa kisheria, katika chumba cha upasuaji. Kila ampuli (kichupa cha sindano) ya pethidini, dawa ya maumivu makali inayoweza kuleta uraibu, huandikwa kwenye rejesta: jina la mgonjwa, kiasi alichochomwa, masalio yaliyomwagwa, saini mbili.

Usiku mmoja mama aliyeandikiwa ampuli mbili alilia kwa maumivu hadi alfajiri. Aliyesaini ni daktari wa usingizi niliyempenda kama mdogo wangu, mwenye mkono mwepesi kuliko wote, na siku hizo alivaa mikono mirefu hata jua likiwaka. Nikanyamaza. Nilijua nikisema, jina lake litafutwa na wanawe watakosa ada. Baadaye alihama mkoa na barua safi ya utumishi. Kilio cha yule mama bado nakisikia.

Kijana wa Mwaloni hapa Mwanza akitaka kuacha heroini, ipo kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, katika Hospitali ya Sekou Toure. Daktari akienda kupanga foleni pale, anayemhudumia huenda ni mwanafunzi wake wa jana. Haendi. Anaendelea kujichoma chooni, kisha anarudi kumlaza mtu usingizi.

Marekani walifuatilia madaktari wa namna hii katika majimbo 16. Daktari hutolewa kazini, hutibiwa, kisha hurudi chini ya uangalizi na kupimwa mkojo bila taarifa kwa miaka kadhaa. Baada ya miaka 5, kati ya madaktari 802, 631 walikuwa na leseni na wanafanya kazi; 87 walinyang'anywa leseni. Kwa hiyo si suala la kubembelezana.

Miaka yangu yote kazini sikuwahi kuonyeshwa mahali ambapo daktari angeweza kujisalimisha kabla hajamdhuru mtu. Naomba Baraza liweke kitengo cha siri, mbali na kamati ya nidhamu, chenye simu inayopokewa hata usiku wa manane. Atakayekuja mwenyewe atibiwe, asishike funguo za dawa hizo mpaka athibitike amepona. Aliyeficha mpaka mgonjwa akaumia, nidhamu ichukue mkondo wake. Na muuguzi atakayetoa taarifa alindwe, maana mimi niliogopa pia kwa ajili ya ajira yangu.

Naomba unijibu hadharani, wauguzi walioko zamu wasome.

Wako katika huduma,
Muuguzi mstaafu, Mwanza