Usikae peke yako na hizo hesabu

Mwanangu,

Tangu uniambie umeacha kwenda semina kisa hutaki watu waone kazi ambayo haijaisha, sina raha. Naandika kabla hujasafiri maana kwenye simu unanikatisha.

Ule mlinganyo wako, y² + y = x³ − x², wa aina mnayoiita mikunjo ya eliptiki, nimeuhesabu mwenyewe. Nikitazama mabaki tu ya kugawanya kwa namba tasa 2, nikapata majibu manne (jozi za x na y), na ile nukta ya kule kusiko na mwisho matano, kwa 3 matano tena pamoja na nukta hiyo. Halafu nikaifungua ile fomu ya moduli, yaani jumla isiyoisha ya vipeo vya q yenye ulinganifu wa pekee, q mara (1 − qⁿ)²(1 − q¹¹ⁿ)² kwa kila n kuanzia 1, yote yakizidishwa pamoja, mbele ya q² nikakuta −2, mbele ya q³ −1. Chukua namba tasa, ongeza 1, toa ile namba iliyo mbele ya q, unapata 5, na 5! Vitu viwili ambavyo ukivitazama havina undugu wowote, na kumbe kimoja kinajua hesabu ya mwenzake. Najivunia sana kwamba ndiyo kazi yako.

Ila nimesoma na habari za wenyewe. Taniyama, mwanahisabati wa Japani, alilitoa wazo la undugu huo mwaka 1955, mwaka 1958 akajiua akiwa na miaka 31, mwenzake Shimura ndiye akabaki kulibeba. Wiles naye, mwanahisabati Mwingereza, alijifungia kama miaka 7 alithibitishe, karibu bila kumwambia mtu, akatangaza Cambridge mwaka 1993, likaonekana pengo, akaja kuliziba mwaka 1994 pamoja na Richard Taylor. Na hapo ilikuwa aina moja tu ya mikunjo ya eliptiki, yote ikakamilika mwaka 2001 kwa kazi ya watu wanne. Wanne, mwanangu. Sasa wewe unamficha nani?

Una kiburi cha kimyakimya, humu ndani hatuombi msaada na najua umekiona kwa nani, lakini wewe usikibebe huko. Nenda semina, andika ubaoni hata nusu, wakusahihishe. Usikae peke yako.

Mdogo wako ameshahamia kwenye meza yako, madaftari nimeyatoa sakafuni maana ukuta bado unatoa unyevu na fundi kila siku anasema kesho. Vyeti viko kwenye bahasha ya kaki, usiviweke kwenye begi kubwa, shika mkononi. Na hiyo semina ni siku gani? Niandikie siku yenyewe, nitapiga jioni yake.

Mama yako